Bati Letu na Bati la Ng'ambo

Wakati wa Mwingereza, kule Nkoaranga, paa la bati lilionekana kutoka ng'ambo ya bonde, na mama yangu alitaka lake lionekane hasa na mtu mmoja: dada yake mkubwa, aliyeolewa upande wa pili. Huyo ndiye aliyetangulia kuezeka. Jua la asubuhi lilipopiga bati lake lilimetameta juu ya migomba, na mama alisimama mlangoni pa nyumba yetu ya majani akilitazama.

Kahawa ilipotuzalia vizuri, nasi tukaezeka. Aliyepigilia misumari ni baba mdogo, fundi aliyejifunza kazi mjini Arusha. Mama aliimba siku nzima.

Baada ya masika bati letu lilififia, likawa la kijivu. La ng'ambo, ingawa la zamani, bado liling'aa. Asubuhi moja nilimkuta mama juu ya ngazi, ana majivu, mchanga na gunzi la mahindi, anasugua ukingo wa paa kama sufuria.

"Shemeji, shuka!" baba mdogo alimpigia kelele kutoka njiani. "Unalivua koti!"

"Koti gani? Natoa uchafu."

"Si uchafu. Bati ni chuma kilichovishwa zinki. Huo ukijivu ni zinki imekomaa, imejifanyia ngozi. Mvua inaila hiyo kwanza, tena polepole mno. Ukiisugua ikaisha, mvua itakuta chuma kiko uchi."

"Mbona la dada linang'aa?"

"Muulize analiogesha na nini."

Mama alishuka amenuna. Hakuuliza, angeanzaje?

Masika yaliyofuata, paa la ng'ambo lilitoka madoa mekundu. Siku chache baadaye mama mkubwa alipanda kwetu akihema, akasimama akilikagua bati letu la kijivu, halina doa isipokuwa pale ukingoni.

"Mdogo wangu, mnasugulia nini?"

"Hatusugui."

"Hata Krismasi?"

Kumbe kila Krismasi alilisugua lake kwa mchanga wa mtoni! Mama alicheka mpaka akakaa chini, na dada yake akaangua kicheko kando yake.

Baba mdogo alikwenda ng'ambo akakwangua kutu kwa brashi ya waya, akapaka paa zima rangi ya mafuta, ya kijani. Likapendeza ajabu. Watu waliokuwa wakienda hospitali walisimama njiani kulitazama.

Mama naye alilitazama, kutoka mlangoni pale pale.

"Shemeji," akaita kwa sauti tamu, "hivi rangi nayo si koti?"