Kaburi Lisilo Kwenye Ramani

Kosa ni langu. Tulikuwa tumeshapeleka ramani ya nyumba tunayotaka kujenga ofisini kwa mkaguzi binafsi wa majengo, mama akafa. Tukamzika kiwanjani, nami sikumwarifu mkaguzi, nikiogopa kibali cha kujenga kitachelewa. Watoto wangu wanalala mtaa wa Namuwongo, chumba cha kupanga kinachoingia maji. Tena nilisikia wakaguzi hawa hupitisha ramani bila kufika kiwanjani.

Siku ya tatu ya matanga alikuja mwanamume mpole nisiyemjua. Akavua viatu, akasema, "Poleni sana." Mjinga mimi, nikamdhania mwombolezaji, nikamkaribisha mkekani, nikampa chai, kisha nikampeleka kaburini.

"Mama yangu amelala hapa," nikasema, nikilia.

Akafungua mkoba, akatoa ramani yetu.

"Pole sana, ndugu yangu. Lakini hapa mmechora chumba cha watoto."