Msalaba Mahali pa Jina

Castory alikuwa fundi cherehani wa Katubuka, na nyimbo zake zilimjia kupitia miguuni. Akikanyaga pedeli, mshono ukienda, sauti ya kwanza huanza kumnong'oneza. Akisimama kukata uzi, ya pili inaitika. Jioni huziandika nota kwa penseli, kisha juu ya karatasi, pale ambapo watunzi wengine huweka majina yao, yeye huchora msalaba mdogo.

"Sifa zina mwenyewe," husema. "Nikiweka jina langu hapo, nimemwibia."

Kwaya zilimfuata kutoka Ujiji, Kidahwe, hata Ilagala. Zilikuja na samaki wakavu wa ziwani, migebuka, au chupa ya mawese, zikakaa uani mpaka wimbo ukawakolea waimbaji, zikaondoka nao. Wimbo ulioombwa haunyimwi. Ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo alivyoishi.

Mkewe Melania alipofiwa na mama yake huko Ilagala, Castory alimtungia mkwewe wimbo wa buriani, wa beti mbili. Siku ya kuuimba, beti hizo zilipoisha Melania hakunyamaza. Alianza kuita kwa Kiha, vile watu wa mto Malagarasi wanavyomwita mwenye mtumbwi aliye ng'ambo: njoo univushe, jua linazama, mimi bado niko huku. Kwaya ikamfuata kwa mguno. Tangu hapo wimbo ukawa na ubeti wa tatu, na ubeti huo ukawa wake.

Melania naye sasa ametangulia. Sauti yake ilibaki mahali pamoja tu: video ya kwaya ikiuimba wimbo huo kwenye jubilei ya parokia, ambayo kijana mmoja wa kwaya aliirekodi akaiweka mtandaoni. Simu iliyorekodi ilishauzwa zamani, mwenyewe kahama. Kila mwaka, siku ya kumbukumbu ya kifo chake, Winfrida, binti yao, huunganisha simu yake na spika, na nyumba nzima humsikia Melania akiita.

Mwaka huu, juma lenyewe la kumbukumbu, Winfrida aliingia kibanda cha kushonea cha baba yake.

"Baba, Mama hayupo."

"Mwanangu, hilo si tunalijua?"

"Kwenye mtandao, Baba. Video imeondolewa. Wanasema wimbo una mwenyewe."

"Nani?"

Winfrida alibonyeza simu, ukatoka wimbo uleule, umevishwa gitaa na kinanda, na juu yake sauti ya kiume. Castory aliitambua kabla mstari haujaisha. Bariki.

Bariki aliletwa kutoka Kidahwe kujifunza cherehani, akajifunza na kuimba. Alikula ugali wa muhogo wa Melania miaka yote ya ujana wake. Melania ndiye aliyemfundisha ule ubeti, huku akimcheka: "Wewe! Unaita mtumbwi kama unaita kuku!" Bariki alipoaga kwenda Mwanza kutafuta maisha ya muziki, aliuomba wimbo huo. Castory akampa karatasi, msalaba juu yake.

Sasa alikuwa akiuimba ubeti wa tatu bila kukosea. Hata pumzi aliivuta pale alipoivutia Melania.

Winfrida alikwenda kuuliza kwa wanaojua sheria. Aliambiwa kwa upole kwamba mtunzi hulindwa tangu anapotunga, asajili asisajili. Lakini likizuka shauri itabidi athibitishe, na shauri halina haraka. Castory akaona ni heri ampigie Bariki, mtoto aliyemlea.

"Shikamoo, Mwalimu!"

"Marahaba. Mama yako unamkumbuka?"

"Jamani, nitamsahauje? Ule ugali!"

"Basi mrudishe."

"Si mimi, Mwalimu. Ni mashine. Ikisikia wimbo unaofanana na ule ulioandikishwa na kampuni yangu, inauzuia."

"Ulioandikishwa kwa jina la nani?"

"Waliniuliza mtunzi. Nikatazama karatasi, haina jina. Msalaba hausaini mkataba, Mwalimu."

"Na wewe hukulijua jina la kuwatajia?"

"Nililijua." Akakohoa. "Lakini si wewe uliyesema sifa si zako? Nikajua hutaki."

Neno la Castory mwenyewe lilikuwa limemgeuka.

"Naweza kuwaambia wairudishe," Bariki akasema. "Nirekodie sauti fupi tu. Sema wimbo huu na beti zake zote ni za Bariki, na kwaya yenu iliimba kwa ruhusa yake. Mama anarudi."

"Beti zote?"

"Zote."

"Na wa mtumbwi?"

"Huo ndio watu wanaoupenda, Mwalimu."

Simu ilipokatika, Winfrida alikuwa amesimama mlangoni. "Usithubutu, Baba! Kwaya nzima ni shahidi. Twende mahakamani."

"Mahakama ina miaka yake, mwanangu. Kumbukumbu ni Jumamosi. Nataka kumsikia."

Akarekodi. Alisema taratibu, kama anayeongoza sala, kwamba yeye si mtunzi, beti zote ni za Bariki.

Ijumaa video ilirudi. Chini yake paliandikwa: Mtunzi, Bariki.

Jumamosi uani palijaa. Wana Ilagala walikuja na migebuka yao. Spika ikafunguliwa, ubeti wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, Castory kafumba macho. Kisha Melania akasikika akivuta pumzi. Castory akainuka, akanyoosha mkono, akaizima.

"Baba!"

"Asiite," akasema. "Mtumbwi nimempa mtu mwingine."

Watu wakatazamana. Ndipo bibi Spesiosa wa Ilagala, aliyeketi mkekani pembeni, akaudaka ubeti pale ulipokatikia, kwa Kiha, kwa sauti kavu ya uzee, bila kumwomba mtu ruhusa. Njoo univushe. Wengine wakaanza kumfuata kwa mguno.

Castory hakuimba. Aliitazama simu pale mezani, akachukua kipande cha kitambaa cha kazini, akaifunika, ile mashine isije ikasikia.