Neno Ambalo Sikulala Nalo

Nilipoanza kufanya kazi na msaidizi wa akili bandia, nilikuwa nasoma kila kitu alichoniomba. Mimi huandika programu za kompyuta kwa wateja wa mbali, nikiwa hapa mjini Baraka, katika chumba nilichopanga nyuma ya soko, chenye paneli ya jua juu ya bati na intaneti inayonuna mvua ikinyesha. Namwambia msaidizi: andika sehemu hii, jaribu ile, tafuta kosa liko wapi. Anakwenda kufanya peke yake huko nyuma, mimi siioni kazi yenyewe. Akitaka kubadilisha jambo kubwa anasimama, na kijisanduku kinatokea kwenye skrini kuuliza: niendelee? Mwezi wa kwanza nilikuwa naweka kikombe cha chai chini, nakisoma kijisanduku kama mtu anayetia sahihi hati ya kiwanja.

Kisha nikazoea. Nikaanza kuendesha kazi nne kwa wakati mmoja, zote zikienda huko nyuma, nami niko hapa mbele nasonga bugali au naongea na simu, na kidole kinajua njia. Ndiyo. Ndiyo. Endelea. Ni mara chache sana ndiyo yangu iliharibu kitu, na hicho ndicho kilichonidanganya. Nilikuwa nimechoka pia, niseme ukweli. Ilikuwa miezi ambayo sikufurahi wala sikuhuzunika. Ungeniuliza habari ningesema salama tu, na wala nisingekuwa nimesema uongo.

Baba yangu anaishi Fizi, analima muhogo, na ana ugonjwa wa sukari. Mwaka ule alijikata mguuni kwa jembe, kidonda kikakataa kupona, akapelekwa hospitali. Kwetu, neno zito la ukoo halijibiwi siku hiyohiyo. Anayetakiwa kulitoa analala nalo, anageukageuka nalo kitandani, na asubuhi analileta. Kwa kawaida hutolewa na wanaume, baba wakubwa na baba wadogo. Lakini baba alikuwa amewaambia ndugu zake mbele ya watu kwamba jambo lake lolote litaamuliwa na mimi, kifungua mimba wake, ingawa ni mwanamke, kwa sababu mimi nafikiri kabla ya kusema. Baba mdogo alinuna wiki nzima.

Simu ya mama ilikuja karibu na saa sita mchana. Kazi zote nne zilikuwa zinakwenda. Mteja wangu, Mbelgiji mmoja anayeuza mbegu za maua, alikuwa ana haraka na duka lake la mtandaoni. Nikabana simu kati ya sikio na bega.

"Mutoto yangu, munganga anasema muguu ya baba yako inaoza. Banataka kuikata, chini ya goti. Kama habakate, sumu itapanda. Baba yako anasema neno iko yako. Banatungojea mpaka kesho asubui. Unasema nini, bakate?"

Kijisanduku kikatokea. Nikabonyeza.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Baendelee."

Nilisikia watu wakiongea karibu na mama, na sufuria ikiwekwa chini. Akasema, "Aya," akakata simu.

Nilikuwa nimeshabonyeza vijisanduku viwili vingine ndipo maneno yake yakanifikia. Goti. Bakate. Ningeweza kumpigia tena, nimwambie angoje nilale nalo. Sikumpigia. Nilijiambia kwamba jibu lenyewe ni sahihi, na kweli lilikuwa sahihi, hata ningefikiri mwezi mzima ningesema lilelile. Nikakaa kusubiri uchungu uje. Haukuja. Nilikuwa nimekufa ganzi, na nikaendelea na mbegu za maua hadi mteja akaridhika.

Siku ya tatu baada ya mguu kukatwa nilipanda pikipiki kwenda Fizi. Mama alinipokea mlangoni pa chumba cha wagonjwa, akanivuta pembeni.

"Nilimwambia baba yako ulilala na neno," akasema. "Nilikaa na jibu yako mpaka asubui, njo nikamupa. Usiniaribie."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Ndani, baba alikuwa ameegemea ukuta, blanketi limelala bapa pale mguu ulipopaswa kuwa. Nilipatazama. Niliona blanketi tu, la kahawia, lenye tundu moja, na moyoni hakuna kilichotikisika. Hilo linanitisha hadi leo kuliko mguu wenyewe. Baba mdogo alikuwa kwenye benchi kando ya kitanda, kofia magotini.

"Ukuje hapa," baba akaniambia. Akanishika mkono, akamgeukia ndugu yake. "Unaona huyu? Hakujibu mbiombio sawa na weye. Nilikuambia."

Baba mdogo alitazama kofia yake, akatikisa kichwa kukubali. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akinikubali, nami sikujua niuweke wapi uso wangu.

Baba akashusha sauti, ikawa yetu sisi wawili.

"Ile muguu nililimia nayo miaka yote. Nililia, sitakuficha. Lakini nikasema, kama mutoto alilala na neno, basi. Hata ungesema baache, ningekubali, ningekufa na roho ya kutulia. Usiku ile mi sikulala. Nikawa nawaza, na yeye kule Baraka anageuka nayo sawa na mi, tuko babili. Ni kweli ilikuwa vile, mutoto ya—"

"Ndiyo, baba," nikajibu, na hakuwa amemaliza kuuliza.