Debe la Maji ya Bahari

Andika vizuri, mjukuu wangu, wala usiongeze lako. Harufu ya chumvi uliyowawekea ng'ombe asubuhi imenikumbusha pwani, mahali baba yangu, ninayemshukuru kila ninapoomba, alipokuwa akibeba magunia bandarini katika moshi na grisi hadi bega likachubuka.

Nilipokwenda kumtembelea utotoni, siku yake moja ya mapumziko alinivusha kwa mashua hadi kisiwa chenye mchanga mweupe. Nilionja maji, nikashangaa: kwetu mlimani chumvi ya ng'ombe ilikuwa ya kununuliwa, na hapa ilikuwa bure! Nikajaza debe letu la chakula, nimpelekee mama.

Mwenye mashua akacheka. "Mzee wa bara, hata bahari wahama nayo? Mwaga, litatuzamisha hilo!"

Nilimtazama baba kwa hofu. Yeye alijua ng'ombe hanywi maji ya bahari.

"Huu ni mzigo wa binti yangu," akasema, na akalibeba kwa bega lile lile mpaka nyumbani kwetu mlimani.

Ng'ombe alinusa, akageuza kichwa.

"Leo ameshiba," baba akaniambia. "Tutajaribu kesho."

Kisha akalifunika debe, mtu asije akalimwaga.