Taulo Iliyolowa Kabla Sijaoga

Siku tatu mfululizo taulo yangu ililowa, na mimi sikuwa nimeoga.

Msinicheke. Ngojeni niwaambie.

Naitwa Elmina. Mimi ni Mkisii mzaliwa wa Kericho, mama yangu alikuja huku kuchuma chai kabla sijazaliwa. Sisi ni Wasabato, na kila Agosti tuna makambi. Wiki nzima watu wanahamia uwanja wa kanisa, wanalala kwa mahema, wanaimba, wanahubiriwa. Na mvua ya huku nayo haikosi ibada, saa nane mchana imefika.

Mwaka juzi nilibeba taulo nene ya pamba. Jumatatu ililowa, Ijumaa bado ilikuwa imelowa, na ilikuwa inanuka beberu. Nikaapa sirudii.

Kwa hivyo mwaka jana nikaenda soko la Kapkatet, kwa mama mmoja wa mitumba anaitwa Chepngeno.

"Nataka taulo ya kambi," nikamwambia. "Nyepesi, isijaze begi, na ikauke haraka."

Akavuta mbili kutoka chini ya rundo. "Hizi ni za wazungu wa kupanda mlima. Shika uone."

Nikashika. Nyepesi kuliko leso, ukiikunja inaingia mfuko wa sweta. Lakini mimi siamini mdomo wa muuzaji. Nikatoa chupa ya maji nikaimwagia moja.

"We dada! Ukilowesha umenunua!"

"Ngoja kwanza, mama."

Nikaifuta mkononi nione kama inakunywa maji ama inayasukuma tu. Ilikunywa. Nikaikamua, nikaitupa begani, nikazunguka soko nikinunua viazi na sukuma. Kurudi, ilikuwa imekauka karibu yote.

"Basi chukua hii ya kahawia," Chepngeno akasema. "Watu wa chai hununua rangi ya giza. Ule utomvu wa majani ukishika kitambaa hautoki."

"Mimi siku hizi sichumi. Ni msimamizi." Nikamwonyesha vidole vyangu, safi kama vya karani. Nikachukua ya rangi ya maziwa.

Hayo maringo yawekeni hapo, tutayarudia.

Sasa niseme kitu ambacho wakati huo sikuwa nimeambia mtu.

Miaka mitatu kabla ya hiyo taulo, shamba letu lilileta mashine za kuvuna chai. Nikaambiwa niandike majina kumi ya wachumaji wa polepole kwa kundi langu, waachishwe kazi. Tisa yalitoka haraka. La kumi likanishinda mpaka karani akaja kugonga mlango.

Nikaandika Beldina.

Beldina ni dada yangu mkubwa. Tumbo moja.

Ni kweli mgongo ulikuwa unamsumbua na alikuwa polepole. Lakini sikumwandika kwa sababu hiyo. Niliogopa watu waseme napendelea damu yangu, na mimi nipoteze cheo. Akapoteza kazi, na nyumba ya kampuni pia. Akahamia chumba kimoja, akawa anafanya kibarua cha kuchuma chai kwa wakulima wadogo.

Hakujua nani alimwandika. Mimi ndivyo nilivyoamini. Tukikutana kanisani namsalimia haraka nikiangalia viatu, halafu naingilia mlango mwingine. Niliona aibu kila siku. Kulala ilikuwa kazi.

Na Sabato ya mwisho ya makambi ndiyo ilikuwa inanimaliza. Kabla ya Meza ya Bwana tunatawadhana miguu. Wanawake kivyao, wanaume kivyao, kila mtu na taulo yake. Pasta husema tafuta yule uliyemkosea. Sisi tunafanya nini? Tunapanga mapema na rafiki! Mimi nilikuwa na Caren, jirani yangu. Miaka mitatu naosha miguu ya Caren, na Caren hajawahi kunikosea wala mimi kumkosea. Hakuna miguu safi kama ile Kericho nzima.

Haya. Makambi yakaanza.

Nilikuwa na hema la kuazima na binti yangu Nyabate, miaka minne, mtoto anayesumbuliwa na kifua. Kila alfajiri nilimwacha amelala, nikaenda maombi. Taulo niliitundika kwa kamba mlangoni, kavu kabisa.

Jumanne narudi, imelowa. Chapachapa.

Nikasema ni umande.

Jumatano narudi, imelowa tena. Na imekamuliwa! Umande haukamui taulo.

"Caren, kuna mtu anaogea taulo yangu."

"Si uifiche?"

"Nataka nimjue kwanza. Mtu mzima anajipangusa na taulo ya mwenzake, kweli huyo ameokoka?"

Alhamisi ilikuwa imelowa, na pembeni kulikuwa na alama za vidole. Mbili, rangi ya kahawia. Nikasugua na sabuni, wapi. Utomvu wa chai.

Siku nzima sikusikia mahubiri. Nilikuwa naangalia vidole vya watu. Kwa wanawake mia mbili wa nchi ya chai, ni kama kutafuta mwenye pua. Nikahama benchi mara tatu mpaka mzee wa kanisa akaniuliza kama nimeingiwa na siafu.

Ijumaa nikafanya kama naenda maombi. Nikazunguka choo, nikarudi polepole. Kulikuwa kumeanza kupambazuka.

Mlango wa hema ulikuwa wazi. Ndani mtu amepiga magoti, mgongo kwangu. Amekunja godoro upande mmoja, anapangusa maji yaliyovuja usiku upande wa mtoto, ambayo mimi nikitoka gizani sikuyaona. Anakamua taulo nje, anarudi, anapangusa tena chini ya miguu ya Nyabate. Halafu akamfunika mtoto, akashika kiuno akisimama. Nilikijua kile kiuno.

Beldina.

Na mimi wiki yote nilikuwa nimemsema moyoni kwamba hata maombi ya alfajiri haji.

Nilirudi nyuma ya choo nikalia mpaka pua ikaziba. Nilichagua taulo kwa siku nzima, hema sikuangalia hata mshono.

Sabato ikafika. Mabeseni yakapangwa. Caren ameshavua viatu, ananipungia mkono.

"Elmina! Huku!"

Nikampita. Nikaweka beseni mbele ya dada yangu, nikapiga magoti.

"Mama Nyagaka," nikamwambia, hivyo ndivyo tunamwita kwa jina la mtoto wake, "kabla sijagusa miguu yako. Ile orodha ya kazi..."

"Osha kwanza, maji yanapoa."

"Ni mimi niliandika jina lako. Ni mimi."

Hakushtuka. Akaweka mguu kwa beseni.

"Siku ya kurudisha funguo za nyumba, ile karatasi ilikuwa kwa meza ya karani," akasema. "Elmina, ni nani alikufundisha kuandika?"

Ni yeye. Kwa majivu, nyuma ya jikoni ya mama, nikiwa na miaka mitano.

"Ulijua miaka yote hii?"

"Nilijua. Nilikasirika, usidhani sikukasirika. Halafu nikachoka. Kila makambi nakaa hapa na beseni, naona unakimbilia Caren."

Nikatoa taulo, nikaanza kumpangusa vidole. Akaiangalia akacheka.

"Hiyo naijua. Yangu ya pamba ilikuwa maji matupu tangu Jumatatu, niliposikia mtoto anakohoa nikaingia. Lakini ni nani alikuambia ununue nyeupe huku?"

Ile taulo bado ninayo, na ule utomvu haujatoka. Tulishona hema pamoja Jumapili, kwake.

Kama unanunua taulo ya safari, iloweshe hapohapo sokoni hata muuzaji akipiga kelele. Na kama kuna kosa umelikunja ukalificha chini ya begi, litoe ulianike. Taulo nyepesi hukauka kabla hujamaliza kununua viazi. Kosa langu lilikaa miaka mitatu limelowa, kumbe niliyemkosea alikuwa anangoja tu nilete beseni.