Ushuhuda wa Fundi Cherehani

Dada yangu ni fundi cherehani, na baridi yabisi imehamia vidoleni mwake tangu alipojifungua mtoto wa pili. Kuna miezi anashona magauni ya harusi, kuna miezi hata kifungo kinamshinda. Ndivyo ugonjwa wenyewe ulivyo: unaondoka, unarudi, haupigi hodi.

Mwaka jana, katika miezi mizuri, akanaswa na Bwana Nimepona. Huyu zamani aliuza magodoro. Sasa anauza maneno. Kila Jumamosi anakodi ukumbi na kuwapanga wagonjwa: waliopona mbele, wanaojaribu nyuma. Ukizidiwa tena hufukuzwi, ila kipaza sauti hukioni tena. Basi waliozidiwa huona aibu, wakaacha kuja, ukumbi ukabaki na waliopona tu. Halafu bwana mkubwa anatamba kwamba hapa kila mtu anapona! Nilimwambia dada huo ni ujinga uliovaa tai. Akasema nina kijicho.

Siku ya siku akasimama mbele, akatunga uzi kwenye sindano, akatangaza kwamba ameacha vidonge na amepona. Wakampigia makofi, wakamrekodi, video ikazunguka kwenye simu za watu.

Mvua zilipoanza, vidole vikajikunja. Alirudia vidonge kimyakimya, akamwomba Nimepona aifute ile video. Jibu likawa kwamba ushuhuda ukishatolewa ni mali ya wote. Nilitamani kumzaba kibao.

Juzi akaja dukani kwa dada mama mmoja na binti yake, binti magoti yamevimba, anatembea kwa kushikiliwa. Walikuwa wameacha dawa kwa sababu ya video hiyo, na sasa binti alikuwa anazidi kudhoofika. Mama alitaka kusikia kwa mdomo wa dada mwenyewe kwamba wavumilie. Dada angeweza kudanganya, akalinda jina lake. Aliweka mikono yake juu ya meza, yote miwili.

"Sijapona, mama. Mrudishe mtoto hospitali leo hii."

Yule mama aliitazama mikono ile kwa huruma, huruma ya mtu anayemtazama aliyefeli mtihani.

"Pole, mwanangu," akasema. "Wewe hukutia nia."

Wakatoka. Niliwafuata hadi barabarani, nikamsihi yule mama mpaka nikajidharau. Binti alikuwa ameketi ukingoni, kusimama hawezi. Mama yake akanisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kwa adabu kama namfahamu mtu mwingine aliyepona.