Mgeni Aliyekuja kwa Miguu

Mpaka leo nikikumbuka, masikio yananiwaka, ingawa aibu ile nusu yake ni ya Sefu Mbegu, aliyekuwa katibu wa kijiji chetu cha ujamaa kule upande wa Zombo, na namtaja kwa jina kwa sababu yupo na anajua.

Mkubwa mmoja wa serikali alikuwa anakuja kututembelea, basi karibu kila jioni tukawa tunafanyishwa majaribio, analetwa mtu wa kijiji jirani anajifanya mkubwa, anatukagua, anauliza chakula kikoje, mimi najibu "Kinatosha, ndugu" (nilichaguliwa kwa sauti tu, shule niliishia darasa la pili). Roho yangu haikuwa hapo. Maharage yangu yalikuwa yanakauka kwenye shamba la zamani kule mlimani Vidunda, tulikotolewa kuletwa hapa kijijini, na mwenyekiti kasema nikijibu vizuri ndipo ataniandikia kibali cha kwenda kuvuna. Kwa hiyo kila siku namsumbua Sefu: leo ni majaribio au ndiyo yenyewe?

"Wewe tazama gari," akaniambia. "Akija na gari ndiye. Akija kwa miguu, wa kuigiza huyo."

Siku hiyo akaja mtu kwa miguu, suruali kaikunja, tope mpaka magotini. Nikashusha pumzi. Akauliza chakula, nami kwa ile nafuu nikaona niwachekeshe wenzangu kidogo: "Kinatosha, ndugu, hasa nyumbani kwa mwenyekiti, sisi wengine tunashiba harufu."

Hakucheka mtu.

"Nyumbani kwa nani?" akauliza taratibu.

"Wewe bwana unaigiza kuliko yule wa jana," nikamwambia, na bega nikampiga.

Ndipo akatokea dereva anahema, kabeba viatu vya mkubwa, gari limenasa mtoni. Na kumbe Sefu ndiye aliyekuwa amekwenda kumpokea mgeni huko mtoni, akatangulia kurudi kabla yake, akasimama karibu yangu, asininong'oneze hata neno.

Mgeni alipoondoka nikamfuata mwenyekiti.

"Kibali?" akasema. "Kamwombe huyo uliyempiga bega."

Maharage yakapasukia shambani, wanangu wakala mihogo mitupu msimu mzima. Sefu anasema alidhani nimeshajua. Mimi niliapa, mtu akiniuliza hali, nzuri, basi. Hata mganga wa zahanati akiniuliza panauma wapi namjibu hapaumi, nakwenda kuugulia nyumbani.